Usomi wa Oili Chafu

Land Cruiser ya watalii ikirudi Arusha kutoka Serengeti, gereji huanza kwa kuiosha, kisha hukaza kila nati iliyolegezwa na barabara ya makorongo. Baada ya hapo inabaki kazi ambayo hupewa mtu mmoja tu, mara nyingi mwenye mvi: kuamua oili. Kumwaga oili si kazi kubwa. Hata spana boi wa mwezi wa kwanza huingia chini ya gari, akafungua nati ya sampu, akatega beseni, yakaisha. Kuamua ni jambo jingine, na kwa kuwa halina kelele wala cheche za kuchomelea, wenye magari wengi hawajui hata kama limefanyika. Wao huliona kopo na bei yake.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Hawakuwajua watu hawa. Kwa fundi wa dizeli anayeijua kazi yake, kuchagua ndiko kulima kwenyewe, na kuna uzuri katika kumtazama akichagua polepole, bila kujali kwamba mteja ameshatoa pochi.

Mengi ya magari hayo ya Arusha yana injini ya Toyota iitwayo 1HZ. Ina silinda sita kwa mstari, ujazo wa lita 4.2, haina tabo, na pampu yake ya dizeli ni ya mitambo mitupu. Ilianza kutoka kiwandani mwaka 1990, na hadi leo ukimwuliza fundi angependa injini gani impeleke Ndutu wakati wa mvua, jibu unalijua kabla hajafungua mdomo. Inameza lita tisa na ushei za oili kwa mkupuo. Ukikosea kuchagua, umekosea kwa lita tisa.

Ili uone fundi anatafuta nini, lazima kwanza ukubali kwamba dizeli ni injini chafu kwa maumbile yake. Haina plagi ya kuwasha moto. Katika injini kama 1HZ, hewa hubanwa zaidi ya mara ishirini mpaka inapata joto la kuyawasha mafuta yenyewe, kisha dizeli inapuliziwa humo humo na kulipuka. Wazo hilo ndilo Rudolf Diesel aliloliombea hataza Ujerumani mwaka 1892, na injini yake ikalithibitisha mjini Augsburg mwaka 1897. Ila dizeli inayopuliziwa haipati muda wa kuchanganyika na hewa yote. Pale ilipojazana, haiungui ikaisha, huacha masizi. Mengi ya masizi hayo hutoka na moshi. Mengine hupenya kando ya ringi za pistoni na kutua kwenye oili. Huja pamoja na salfa iliyokuwamo kwenye mafuta, ambayo ikikutana na mvuke wa maji hugeuka asidi, na asidi hula beringi.

Oili za zamani hazikuyaweza hayo. Caterpillar walipoanza kuuza matrekta ya dizeli mwaka 1931, ringi za pistoni zikawa zinaganda kwenye mifereji yake kwa masizi na ulimbo, injini zikapoteza nguvu shambani. Dawa haikutoka kwa wachonga vyuma. Katikati ya miaka hiyo ya 1930, kampuni ya Standard Oil ya California ilitoa oili yenye kiungo cha kusafisha, ikaiita Delo, ringi zikaachia. Tangu hapo oili ya dizeli haijawahi tena kuwa mafuta matupu. Ina viungo vyenye kalisi vya kuizima asidi. Ina viungo vya kushika kila chembe ya masizi peke yake ili zisikusanyike zikawa tope. Ina zinki na fosforasi za kukinga chuma pale utando wa oili unapochanika.

Ndiyo maana oili ya dizeli huwa nyeusi mapema. Mteja akichomoa dipstiki siku chache baada ya kubadilisha na kukuta weusi, hukimbilia kusema ameuziwa feki. Fundi humtuliza: weusi ule ni masizi yaliyookotwa na kushikiliwa, yasije yakatua kwenye kona za injini. Kama kuna 1HZ kuukuu ambayo oili yake inabaki na rangi ya dukani wiki baada ya wiki, hiyo ndiyo ya kuulizia, kwa sababu uchafu umebaki mahali fulani. Rangi, basi, haimwambii mengi. Anasoma mengine.

Huanza na dipstiki. Gari liko mahali tambarare, injini imezimwa dakika kadhaa ili oili ishuke yote kwenye sampu. Anachomoa, anafuta kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, anachovya tena. Kiwango kikiwa kimeshuka, injini inavuja au inakula oili. Kikiwa kimepanda, uso wake hubadilika, maana oili haizaliani. Kilichoongezeka kimetoka kwingine. Hapo hunusa. Dizeli ina harufu yake, na pua iliyoishi gereji haikosei sana. Maji huyatafuta chini ya kifuniko cha kujazia, ambako huacha utando wa rangi ya chai ya maziwa. Halafu husugua tone kati ya kidole gumba na cha shahada, akisikiliza chembe kwa ngozi. Vumbi la mbuga za Ndutu na Olduvai limetokana na majivu ya volkano za nyanda za Ngorongoro, ni laini mno, na hupita penye mwanya wowote wa chujio la hewa lililofungwa vibaya. Akizisikia chembe, hataligusa kopo la oili kwanza. Anakwenda kufungua chujio la hewa.

Sehemu niipendayo kuliko zote ni ya karatasi. Fundi huchukua chujio la kahawa la karatasi, akalilaza juu ya mdomo wa glasi ili katikati yake pasiguse kitu, kisha akadondosha tone moja la oili yenye moto kutoka kwenye ncha ya dipstiki. Halafu anaondoka, anakwenda kufanya kazi nyingine. Hakai akilitazama. Baada ya saa moja au mbili tone limeshajieleza. Oili ambayo bado ina nguvu ya kushika masizi huwa imetawanyika nayo: weusi wa katikati unafifia kidogo kidogo hadi kijivu, bila mpaka. Oili iliyochoka imeyatupa masizi yake katikati, doa jeusi lenye ukingo uliokatika ghafla, na nje yake mafuta matupu yaliyotembea peke yake. Ukiona mzunguko wa nje ni mpana, unapitisha mwanga na una umanjano, shuku dizeli. Maabara zina vifaa vya kukifanya kipimo hiki zikatoa namba. Fundi huandika tarehe na kilometa pembeni kwa kalamu ya wino, akaitundika karatasi msumarini. Karatasi za gari moja zikishapangana ukutani, unaweza kuzipitia kwa mfuatano ukaona injini inavyozeeka.

Chujio la oili lililotolewa nalo halitupwi zima. Hulikata akalifungua, lakini hatumii msumeno wa chuma, kwa sababu msumeno hunyunyiza unga wake mwenyewe na kumdanganya msomaji. Hutumia mkasi wa bati. Karatasi ya ndani huikunjua juani, mkunjo baada ya mkunjo. Vimeta vya rangi ya shaba humpeleka kwenye beringi na bushi. Vinavyonasa kwenye sumaku ni chuma, na hapo mazungumzo na mwenye gari yatakuwa marefu.

Baada ya kusoma ndipo anauliza, naye humwuliza dereva, si mwenye gari.

"Simba mlikaa nao muda gani, kijana?"

"Kama saa nzima, mzee."

"Uliizima?"

"Friji la vinywaji, mzee."

Mgeni anayesikiliza angedhani wanapiga soga. Kumbe swali hilo ni la hesabu. Kilometa hazihesabu saa ambazo gari limesimama likinguruma, na injini inayonguruma bila mzigo haipati joto la kutosha, inaunguza vibaya, inaongeza masizi na kupenyeza dizeli kwenye oili. Mafundi wazoefu huichukulia saa moja ya namna hiyo kuwa sawa na kilometa kati ya 40 na 50 za barabarani. Gari linalosema limetembea 5,000 linaweza kuwa limefanya kazi ya 8,000. Daladala na magari ya mizigo midogo ya mjini yako katika mkumbo huo huo, ila simba wao ni foleni.

Swali la pili ni la dizeli: umejaza wapi? Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba tangu 2015 salfa kwenye dizeli isizidi sehemu 50 katika milioni, na hayo yalikuwa maendeleo makubwa. Ulaya wako kwenye 10 tangu 2009. Lakini dizeli ya kwenye mapipa porini, iliyopita mikono mingi, haina cheti. Kwa gari linalokunywa huko, fundi hutaka oili yenye akiba nene ya alkali, ile inayoandikwa TBN kwenye karatasi ya maelezo ya bidhaa. Akiba hiyo hupungua kila asidi inapozimwa, na ikiisha, oili inaweza kuwa bado inateleza vizuri kidoleni huku beringi zinaliwa.

Sasa kopo linashuka rafuni, na halisomwi upande wenye picha ya gari la mashindano. Linageuzwa. Fundi hutafuta duara la API, ambalo katikati yake kuna mnato na nusu yake ya juu kuna daraja la kazi. Mnato husomwa kwa mfumo wa SAE, ambao mizizi yake ni ya mwaka 1911. Tuseme ni 15W-40. Namba ya mbele inahusu baridi: oili ya 15W hupimwa mnato wake kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, baridi ambayo haijafika Makete wala ukingo wa Ngorongoro. Ya nyuma inahusu moto: kwa nyuzi 100, oili ya 40 lazima iwe na mnato usiopungua sentistoksi 12.5 na usiofika 16.3. Ndani ya injini oili hiyo hubaki utando wa maikroni chache kati ya beringi na krenki, na gari zima na wageni wake limekaa juu ya utando huo.

Hapa kuna imani moja mitaani ambayo mafundi wazuri hawaivumilii, kwamba oili ikiwa nzito ndiyo kinga. Muuza vipuri atakushauri 20W-50 kwa sauti ya daktari, au SAE 40 tupu, kwa sababu gari "limeshatembea". Oili nzito kuliko inavyotakiwa huchelewa kufika juu asubuhi, na dakika za kwanza baada ya kuwasha ndizo zenye kukwangua vyuma. Ni kweli kwamba injini iliyolegea hupunguza kula oili ukiipa nzito. Imepewa muda tu, haijapona.

Daraja la kazi nalo lina historia yake. Herufi S ni za petroli, C ni za dizeli. CD ilikuja 1955, CF-4 mwaka 1990, CH-4 mwaka 1998, CI-4 mwaka 2002, CJ-4 mwaka 2006, CK-4 mwaka 2016. Kwa kawaida ya baadaye hubeba kazi ya iliyotangulia, ila FA-4, iliyozaliwa siku moja na CK-4, ni nyepesi zaidi kwenye joto kali na haikukusudiwa injini kuukuu. Kwa 1HZ inayokwenda porini, fundi ninayemsifu hapa mara nyingi hushuka na 15W-40 ya CI-4. Si ya bei ya juu kabisa dukani. Mteja akisisitiza apewe ile ghali ya 5W-30 yenye maandishi ya dhahabu, fundi huuliza imetengenezewa nani. Mara nyingi jibu liko nyuma ya kopo: imetengenezewa injini yenye chujio la masizi kwenye ekzosi, na kwa hiyo viungo vyake vya kuacha majivu, ambavyo ndivyo hivyo hivyo vinavyoizima asidi, vimepunguzwa makusudi.

Geuza kibao, ulete Mazda CX-5 ya dizeli, ambayo tangu ilipotoka 2012 imeingia kwa wingi Nairobi na Dar es Salaam ikiwa imetumika Japani. Hapo ile 15W-40 ya mzee wa porini ingekuwa kosa. Gari hili lina chujio la masizi. Chujio likijaa, injini hupulizia dizeli ya ziada ili joto la ekzosi lipande na masizi yaungue. Masizi huungua yakaisha; majivu ya oili hayaungui, hubaki humo na kuziba kidogo kidogo mpaka chujio linakufa, na bei yake si ya kuzungumzia mezani. Kwa hiyo hapa fundi hutafuta alama ya Wajapani, JASO DL-1, yenye majivu machache. Halafu humpa mwenye gari somo la dipstiki. Sehemu ya ile dizeli ya ziada huteleza kwenye kuta za silinda na kushuka hadi kwenye sampu, hasa kwa gari linaloendeshwa vipande vifupi vya mjini na kuzimwa kabla usafishaji haujaisha. Kiwango kinapanda. Mazda wenyewe wameweka alama ya X kwenye dipstiki, juu ya alama ya kujaa. Oili ikifika pale, inamwagwa, hata kama kilometa hazijatimia. Wangapi wamelinunua gari hilo bila kuambiwa habari ya X?

Malori ya njia ya Tunduma sitayakalia sana. Kule uamuzi umeshaandikwa: Scania, Volvo na MAN wana viwango vyao wenyewe, na makampuni makubwa hupeleka sampuli maabara. Fundi wa lori hutii kitabu, na kutii nako kunahitaji nidhamu. Neno lake kubwa humwendea dereva aliyemaliza kupanda Kitonga na mzigo kamili: usizime ghafla. Tabo lililotoka kuzunguka makumi elfu ya mara kwa dakika likikatiwa oili likiwa bado jekundu, oili iliyobaki kwenye beringi zake huungua ikawa mkaa.

Kabla ya kumimina kuna ukaguzi mmoja zaidi, wa kopo lenyewe. Oili feki zipo, na nyingine ni oili chafu iliyochujwa na kurudishwa kwenye kopo la jina kubwa. Fundi huangalia utepe wa kifuniko, namba ya toleo iliyochapwa kwenye plastiki kama inafutika kwa kidole, na kama makopo mawili ya katoni moja yanafanana. Akishamaliza kumimina, hutoboa kopo tupu kwa bisibisi. Ukiona gereji ambayo makopo yake yote matupu yana matundu, umefika kwa watu wanaowafikiria wateja wasiowajua.

Kumimina kwenyewe kunafuata utaratibu ambao hauna njia ya mkato. Oili ya zamani hutoka injini ikiwa na moto, wakati masizi bado yanaelea, na huachwa idondoke mpaka tone la mwisho. Washa ya nati ya sampu huwekwa mpya. Raba ya chujio jipya hupakwa oili kwa kidole, chujio likakazwa kwa mkono, si kwa spana. Kisha oili mpya inaingia pungufu kidogo ya kipimo, injini inawashwa mpaka taa ya oili izimike, inazimwa, wanasubiri, wanapima, wanaongeza. Kuzidisha ni hatari kuliko wengi wanavyodhani: krenki huichapa oili ikatoa povu, mvuke wake ukavutwa kwenye njia ya hewa, na dizeli ni injini inayoweza kuwaka kwa oili yake yenyewe ikakataa kuzimika hata ukigeuza ufunguo. Oili chafu huingia kwenye pipa lenye mfuniko. Haimwagwi mtaroni.

Ukitaka kumpima fundi wako, peleka gari na kitabu chake, usimtajie oili unayoitaka, kisha ukae kimya. Akinyoosha mkono rafuni kabla hajachomoa dipstiki, washa gari uondoke.